Mkono Uliofuata Mkono

 

Leo tuzungumze kuhusu picha. Redio haina kioo cha kuonyeshea, kwa hiyo nitaieleza polepole, kipande kwa kipande, mpaka kila mmoja wetu aione akilini mwake. Ni picha ya baharini, picha ya watu waliovunjikiwa na chombo. Na ninayotaka kuieleza hasa ni nakala yake, iliyochorwa kwa mkono, kwa brashi na rangi za mafuta, na watu wengine kabisa, miaka 40 baada ya ile ya kwanza.

Najua yupo msikilizaji anayesema moyoni, nakala ya nini tena? Si utueleze ile yenyewe? Ndivyo tulivyozoea. Mtu akionyeshwa picha nzuri ukutani, swali lake la kwanza ni, "Ni yenyewe au ni kopi?" Akiambiwa ni kopi, anageuza uso.

Basi mimi leo nimekuja kuitetea nakala ya mkono. Nina hoja tatu, nawaomba mzishike. Ya kwanza, nakala hufika mahali ambapo kazi ya asili haiwezi kufika. Ya pili, nakala huhifadhi yale ambayo kazi ya asili inayapoteza. Ya tatu, nakala humfundisha anayeichora. Hoja tatu: kufika, kuhifadhi, kufundisha. Na mwishoni nitaweka sharti moja, ambalo bila hilo hoja zote tatu zinaanguka. Sharti hilo tutalifikia.

Kwanza tupate kisa chenyewe.

Turudi nyuma hadi mwaka 1816. Mwezi Juni wa mwaka huo manowari ya Kifaransa iliyoitwa Méduse iling'oa nanga katika pwani ya magharibi ya Ufaransa kwenda Saint-Louis, Senegal. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na Waingereza walikuwa wanairudisha Senegal mikononi mwa Wafaransa. Ndani ya Méduse alikuwamo gavana mpya, Julien Schmaltz, pamoja na mabaharia, askari, maofisa na watu wa familia zao, jumla yao wapata 400. Nahodha alikuwa Hugues Duroy de Chaumareys. Huyu alipewa chombo kwa sababu ya ukoo wake na utiifu wake kwa mfalme aliyerudishwa kwenye kiti. Bahari yenyewe alikuwa ameipa kisogo kwa zaidi ya miaka 20.

Niwaulize wavuvi na mabaharia mnaonisikiliza: mtu ambaye hajaongoza chombo kwa miaka 20, mngempa roho 400 azivushe? Nadhani jibu lenu nalijua. Tarehe 2 Julai, Méduse ilipanda fungu la mchanga la Arguin, mbali kidogo na pwani ya nchi tunayoiita leo Mauritania, ikakwama. Wakajaribu kuinasua, haikunasuka.

Mashua zilizokuwamo hazikuwatosha watu wote. Ndipo wakachukua milingoti na mbao, wakazifunga kwa kamba, wakatengeneza chelezo. Urefu wake ulikuwa kama mita 20, upana kama mita 7. Watu 147 wakapandishwa humo, mmoja wao mwanamke. Ahadi waliyopewa ni kwamba mashua zingekivuta chelezo hadi nchi kavu. Baada ya mwendo mfupi kamba zikaachiwa. Mashua zikaenda zao na nahodha na gavana, na chelezo kikabaki katikati ya maji, hakina usukani, na watu wamesimama maji yakiwafika kiunoni.

Msikilizaji, yaliyofuata ni mazito, na mwenye watoto karibu naye atanisamehe. Biskuti zilikwisha siku ya kwanza. Maji ya kunywa yakapotea katika vurugu, kikabaki kinywaji cha mvinyo. Usiku watu walichukuliwa na mawimbi, wengine waliuana, wengine wagonjwa walitupwa baharini. Na waliobaki wakafikia kula nyama ya maiti. Walikaa juu ya chelezo siku 13. Tarehe 17 Julai merikebu ndogo iitwayo Argus ikawaona. Katika wale 147 walikuwa hai 15 tu, na watano kati yao wakafa siku chache baadaye.

Wawili katika walionusurika, tabibu Henri Savigny na mhandisi Alexandre Corréard, waliandika kitabu mwaka 1817 wakaeleza yote. Ufaransa nzima ikatikisika. Nahodha alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Hicho ndicho kisa. Sasa picha.

Kijana mmoja mchoraji, Théodore Géricault, aliyezaliwa Rouen mwaka 1791, alikisoma kitabu hicho na hakikumtoka kichwani. Akawatafuta Savigny na Corréard, akawasikiliza. Akamtafuta seremala wa Méduse, naye alikuwa miongoni mwa walionusurika, akamtengenezea kielelezo kidogo cha chelezo chenyewe. Akakodi chumba kikubwa karibu na hospitali ya Beaujon mjini Paris, akawa anakwenda kuwatazama wagonjwa waliokaribia kufa, ili ajue rangi ya ngozi ya mtu ambaye uhai unamtoka. Akanyoa nywele zake zote ili asitamani kutoka nje kwenda kwa marafiki. Akachora mazoezi mengi, huku akitafuta ni dakika ipi katika zile siku 13 inayobeba kisa chote.

Akaipata. Ni dakika ile Argus ilipoonekana kwa mbali kwa mara ya kwanza.

Sasa tuitazame pamoja. Ni kubwa mno: kwenda juu karibu mita 5, kwenda upande zaidi ya mita 7. Watu waliochorwa mbele ni wakubwa kuliko wewe na mimi. Anza chini, upande wa kushoto. Hapo yupo mzee ameketi, amempakata kijana aliyekufa, naye hatazami mbele wala nyuma, amekata tamaa. Pembeni mwake wamelala maiti. Panda juu kidogo: watu wanajiinua kwa viwiko, mmoja anamshika mwenzake bega, mwingine ananyoosha mkono. Panda tena: wamesimama, wanashikiliana. Na juu kabisa, kwenye kilele cha miili yote hiyo, amesimama juu ya pipa mtu mweusi, ametupa mgongo kwetu, anapeperusha kitambaa kuelekea kwenye upeo wa macho. Na kule kwenye upeo, mbali sana, kuna kidoa. Kidoa hicho ndicho Argus. Na upepo, angalia tanga, unakisukuma chelezo kwenda upande mwingine.

Tusimame hapa kwa yule mtu aliye juu ya pipa. Wanahistoria wanamtambua kuwa askari aitwaye Jean Charles, mmoja wa wale waliofikiwa na Argus. Aliyekaa mbele ya Géricault ili achorwe aliitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi iliyokuja kuwa Haiti. Fikirini mwaka wenyewe: ni 1819. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kuvuka Atlantiki, nyingine kwa siri chini ya bendera za mataifa yaliyokwisha kuipiga marufuku. Katika wakati kama huo, mchoraji wa Kifaransa anachukua tumaini lote la watu waliotelekezwa, analiweka mkononi mwa mtu mweusi, tena anamweka juu ya wote. Katika turubai hiyo kuna watu weusi watatu. Hilo halikutokea kwa bahati. Géricault alichagua.

Picha ilionyeshwa Paris mwaka 1819, kisha ikapelekwa London mwaka 1820, ambako watu wapatao 40,000 walilipa kuingia kuitazama. Géricault akafa mwaka 1824, akiwa na miaka 32. Picha ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Louvre, na huko iko mpaka leo.

Sasa, msikilizaji wangu, hapa ndipo nakala yetu inapoingia.

Ili kupata vivuli vizito, vyenye kung'aa kama mahameli, Géricault alitumia rangi ya kahawia iliyotengenezwa kwa lami, inayoitwa bitumini. Wachoraji wengi wa zama zake waliipenda. Inapopakwa, inapendeza sana. Ubaya wake ni kwamba haikauki sawasawa. Juu inashika, chini inabaki laini, na miaka inavyokwenda inajikunja kama utando juu ya uji uliopoa. Halafu inazidi kuwa nyeusi. Na ikishafika hapo, hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Maeneo makubwa ya picha ya Géricault leo yamemezwa na weusi huo. Waliokufa wanazidi kuzama gizani, na hakuna dhoruba iliyowazamisha. Kinachowazamisha ni rangi ileile iliyowachora.

Miaka 40 tu baada ya picha kukamilika, hali ilikuwa imekwisha kuwatia wasiwasi wakuu wa Louvre. Wangefanya nini? Kuipeleka nchi au mji mwingine ionyeshwe ilikuwa hatari. Kupiga picha ya rangi haikuwezekana, kamera za rangi zilikuwa hazijaja. Ndipo wakawaita wachoraji wawili, Pierre-Désiré Guillemet na Étienne-Antoine-Eugène Ronjat, wakawapa kazi ya kuinakili yote, kwa ukubwa uleule, ili nakala isafiri badala ya mama yake. Waliifanya mwaka 1859 na 1860. Nakala hiyo leo iko katika jumba la makumbusho la Picardie, mjini Amiens, kaskazini mwa Ufaransa.

Hebu tujiulize kazi hiyo ni kazi ya namna gani. Picha ya mita 5 kwa 7! Hapo hakuna kubonyeza kitufe. Wanaonakili kazi kubwa kwa mkono wana njia ya zamani ya miraba: unagawa picha ya asili kwa mistari, unagawa turubai yako kwa mistari ileile, kisha unahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Ukishapata mistari, unaanza rangi. Na rangi ina swali lake kila hatua. Kahawia hii ilichanganywa na nini? Mwanga huu begani ulipakwa kwanza au mwisho? Brashi ilikwenda juu au ilikwenda pembeni? Na pale ambapo giza limekwisha kumeza mkono wa mtu, mnakili anatazama kwa makini kuliko mtu yeyote: je, hapa pana vidole vitano, au pana kivuli tu? Ni lazima aamue. Kamera haiamui kitu, inachukua kilichopo mbele yake. Mtu mwenye brashi analazimika kuelewa kabla ya kupaka.

Kwa hiyo nakala ya Amiens ni ushahidi. Ni ushahidi wa watu wawili waliosimama mbele ya picha mwaka 1859, wakatazama kila inchi, wakaandika kwa rangi kile walichokiona. Tuseme pia ukweli wote: hawakuiona ilivyokuwa mwaka 1819, kwa maana ilikuwa imekwisha kuanza kuharibika. Walichotuachia ni hali yake ya mwaka 1859, wala si zaidi. Lakini mashahidi wawili makini wa mwaka huo ni hazina.

Basi hoja mbili zimeshapita, tuzirudie. Nakala hufika mahali ambapo asili haifiki. Nakala huhifadhi yale ambayo asili inayapoteza.

Na kama bado una shaka na ile hoja ya kufika, sikiliza hili. Mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipokaribia, Louvre ilihamisha picha zake kuzinusuru. Picha ya Géricault ilikuwa kubwa na rangi yake ya kunata haikuruhusu ikunjwe. Ilibidi ipakiwe imesimama juu ya gari la kubebea mapambo ya jukwaa la tamthilia. Ilipofika mji wa Versailles, ikanasa kwenye nyaya za umeme za tramu. Hiyo ndiyo picha unayotaka isafiri kila mwaka kwenda maonyesho? Haiwezi. Nakala inaweza.

Twende upande wa pili wa Atlantiki. Kabla ya Guillemet na Ronjat, alikuwapo Mmarekani mmoja, George Cooke. Huyu alikwenda Ulaya, na katika mwaka 1826 hivi akaichora nakala yake ya chelezo, ndogo zaidi, kwenda juu sentimita 130 hivi na kwenda upande chini kidogo ya mita 2. Akarudi nayo kwao. Ikaonyeshwa Boston, Philadelphia, New York na Washington. Fikirini: watu wa Marekani wa wakati ule, wangapi wangepata nauli ya merikebu kwenda Paris? Wachache mno. Lakini walikwisha kusikia habari za Méduse, na kupitia mkono wa Cooke wakaona kwa macho yao wale watu, lile wimbi, na yule mtu mweusi juu ya pipa. Na hao walikuwa watu wa nchi ambayo utumwa ulikuwa halali katika majimbo yake mengi. Nakala ilifika mahali ambapo picha ya asili haikuwahi kufika.

Lakini kisa cha Cooke hakiishii hapo, na hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi. Mwaka 1862 nakala yake iliachiwa taasisi ya historia ya New York. Huko ikaandikwa kwenye daftari kwa jina lisilo lake. Ikaandikwa kuwa ni kazi ya Gilbert Stuart, mchoraji mwingine kabisa, anayejulikana kwa picha za George Washington. Basi ikakaa ghalani. Aliyemtafuta Cooke hakumpata, kwa sababu Cooke hakuwamo kwenye daftari. Ikakaa hivyo mpaka mwaka 2006, pale profesa mmoja wa historia ya sanaa, Nina Athanassoglou-Kallmyer wa Chuo Kikuu cha Delaware, alipouliza maswali, na kosa likagunduliwa. Ndipo ikatolewa, ikafanyiwa matengenezo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilisema uongo, na mali ikapotea vilevile. Zaidi ya miaka 140! Haikuibwa, haikuungua, haikuzama. Ilikosa jina.

Tuliweke hilo jina akiba, tutalirudia. Sasa hoja ya tatu, kufundisha.

Huyu Géricault tunayemsifu, alijifunza wapi kuchora? Alikuwa na walimu, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya elimu yake aliipata Louvre, akiwa kijana, amesimama mbele ya kazi za Rubens, za Titian, za Rembrandt, akizinakili. Mkono wake ulifuata mikono ya waliomtangulia, mpaka siku moja ukaanza kutembea peke yake. Kwa hiyo anayemdharau mnakili ajue anamdharau na Géricault.

Na jambo hilo halijafa. Louvre ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1793, wanakili waliruhusiwa kuingia na vifaa vyao, na hadi leo wapo. Wanaomba kibali, wanapewa stendi ya kuwekea turubai, wanakaa mbele ya picha wakinakili huku watalii wakipita nyuma yao. Ila kuna kanuni, nazo zinafaa tuzisikie. Nakala haitakiwi kuwa na ukubwa sawa na picha ya asili. Iwe kubwa zaidi au ndogo zaidi kwa moja ya tano. Na sahihi ya mchoraji wa kwanza hainakiliwi. Unaweza kunakili uso, mawingu, bahari yote, lakini jina lake uliache. Kwa nini? Ili nakala isije ikatoka mlangoni na kujifanya asili.

Ndugu zangu, sisi wenyewe wa pwani hii jambo la kunakili kwa mkono si geni kwetu. Tenzi za zamani tunazozisoma leo, zimetufikiaje? Hazikuletwa na mashine ya chapa. Zimeletwa na waandishi waliokaa chini na kalamu na wino, wakinakili ubeti mmoja baada ya mwingine kwa hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga, na juu ya hayo mnakili mkubwa. Miswada mingi iliyopita mikononi mwake inahifadhiwa leo, mingine iko London, na wasomi wa Kiswahili wanaitegemea. Kama Kijuma na wenzake wangesema, "hii si kazi yangu, ya nini niinakili?", sehemu ya urithi wetu ingeliwa na mchwa. Hakuna mtu aliyewahi kusema utenzi ulionakiliwa na Kijuma ni utenzi bandia. Tunasema, Mwenyezi Mungu amlipe.

Basi kwa nini utenzi ulionakiliwa kwa mkono tunaushukuru, na picha iliyonakiliwa kwa mkono tunaigeuzia uso?

Nadhani najua sababu. Katika picha kuna walaghai. Kuna mtu anayechora kwa mtindo wa bwana fulani, kisha anaweka sahihi ya bwana huyo, anaipaka moshi ionekane ya kale, anaiuza kwa bei ya asili. Huyo ni mwizi. Na kwa sababu ya huyo mwizi, tunawatazama wanakili wote kwa jicho la pembeni. Lakini sikilizeni tofauti yake. Mlaghai na mnakili wanaweza kutumia brashi zilezile, rangi zilezile, hata ustadi uleule. Kinachowatenga ni neno moja: jina. Mnakili anasema, "Picha hii ni ya Géricault, nami niliyeinakili naitwa fulani." Mlaghai anaficha.

Na hilo ndilo lile sharti nililowaahidi mwanzoni. Nakala ya mkono hufika, huhifadhi na hufundisha, mradi iseme wazi kwamba ni nakala, na imtaje aliyeichora kwanza na aliyeinakili. Nakala ya Amiens ina majina yake, ndiyo maana leo tunaweza kuitumia kama ushahidi. Nakala ya Cooke ilipoteza jina lake, ikalala ghalani zaidi ya karne.

Sasa tuje nyumbani kwako. Leo nakala za picha maarufu za bahari, za manowari, za dhoruba, zinachorwa na kuuzwa dunia nzima. Upo mtaa unaoitwa Dafen katika mji wa Shenzhen, China, wenye maelfu ya wachoraji ambao kwa miaka mingi riziki yao imekuwa kunakili. Huenda na wewe umenunua moja, au umeletewa zawadi. Utajuaje kama imechorwa kwa mkono ama imechapwa kwa mashine? Isogeze dirishani, uitazame kwa upande, mwanga uipitie juu juu. Rangi iliyopakwa kwa brashi ina matuta na mabonde, na matuta hayo hufuata umbo: wimbi linapopinda, na brashi imepinda. Ukipata kioo cha kukuzia, tafuta vitone vidogo vidogo vilivyopangana. Vitone hivyo ni alama ya mashine. Na jihadhari, wapo wanaochapa kwa mashine kisha wakapaka juu yake mafuta mazito yasiyo na rangi ili mkono wako uhisi matuta. Hapo matuta yatakwenda upande wake na picha upande wake.

Ukishajua imechorwa kwa mkono, usiionee haya. Usimwambie mgeni kwamba ni yenyewe, na usiseme kwa unyonge kwamba "ni kopi tu". Mweleze picha ya asili iko wapi, nani aliichora, na kisa chake ni kipi. Nakala iliyo ukutani mwako imefanya kazi yake siku mtoto wako atakapouliza, "Huyu mtu juu ya pipa anampungia nani?", nawe ukamjibu.

Na kwa vijana wachoraji mnaonisikiliza: nakilini. Nakilini kazi za wakubwa wenu, za hapa na za mbali, bila aibu yoyote. Chagueni picha moja muikabili mpaka mkono uelewe kwa nini wimbi limewekwa pale na si hapa. Halafu nyuma ya turubai andikeni jina la mwenye kazi, na chini yake jina lenu.

Muda wangu unakaribia kwisha, wapenzi wasikilizaji, kwa hiyo tufunge hesabu. Tumesema nakala ya mkono hufika mahali ambapo asili haifiki. Mkumbuke Cooke na watu wa Boston. Tumesema huhifadhi yale ambayo asili inayapoteza. Mkumbuke Guillemet na Ronjat mbele ya ile lami inayojikunja. Tumesema humfundisha anayeichora. Mkumbuke Géricault kijana pale Louvre. Na tumesema sharti lake ni jina.

Basi nina ombi moja kwenu nyote. Leo au kesho, chukua picha yoyote iliyochorwa kwa mkono iliyomo nyumbani mwako, iwe nakala au iwe ya asili, igeuze, utazame nyuma. Kama hakuna kilichoandikwa, chukua penseli, uandike kwenye fremu ya mbao na si kwenye turubai: nani aliichora, imenakiliwa kutoka kazi ya nani, mwaka gani, na uliipata wapi. Mistari mitatu au minne inatosha. Kama aliyeichora yuko hai na unajua aliko, mpigie simu umuulize, maana ukichelewa hakutakuwa na wa kumuuliza.